Kila thredi na chanja yake: maneno niliyosema Kigoma mjini

Watu kadhaa walioshindwa kufika Jumamosi ile, maana mvua ilianza alfajiri na njia ya kutoka Ujiji ilikuwa tope tupu, wameniomba niandike yale niliyosema. Basi nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni, na pale nilipochora ubaoni nimejaribu kueleza kwa maneno.

Shikamooni wazee wangu, nawaona mmekaa pale karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Mama zangu wa Kibirizi karibuni sana. Vijana, mambo vipi. Leo sizungumzii biashara ya kompyuta wala jinsi ya kutengeneza tovuti, nazungumzia kitu kimoja kidogo kilicho ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, kitu ambacho kila simu janja iliyomo kwenye mifuko yenu inakitumia sasa hivi wakati naongea, na mimi nimekihangaikia sana mpaka nimekipenda. Kitu chenyewe ni hifadhi binafsi ya thredi.

Naanzia mwaloni. Niliwahi kuandika programu ndogo ya kupimia dagaa, mnajua boti zinavyoingia asubuhi, kila mtu anataka kupimiwa wa kwanza kabla jua halijapanda, sasa programu yangu ilikuwa inasoma mizani inachukua jina la mnunuzi na kilo na bei afu inatoa risiti. Mizani ilikuwa moja na ilifanya kazi vizuri tu. Tukaleta mizani ya pili, nami nikaongeza thredi, kila mizani ikawa na thredi yake ya kuihudumia. Kwa wasiojua, thredi ni mfanyakazi ndani ya programu: programu ni nyumba moja, memori ni moja, ila wafanyakazi wanaweza kuwa wawili watatu au mia, kila mmoja anafuata kazi yake kwa wakati wake.

Siku ya tatu mama mmoja akanifuata na karatasi mkononi. Akasema mwanangu, jina hili ni langu, lakini hizi kilo si zangu. Nikaangalia. Kweli, jina lake, kilo za mwenzake wa mizani ya pili. Hela ilikuwa imeshalipwa. Ile siku sijaisahau, maana yule mama hakugomba, alisimama tu akiniangalia anasubiri nimwambie imekuwaje, na mimi sikuwa na jibu.

Jibu nililipata usiku. Kwenye msimbo wangu kulikuwa na sehemu moja ya memori ninayoandikia maneno ya risiti kabla ya kuyatuma kwenye printa. Sehemu moja, wafanyakazi wawili. Thredi ya kwanza imeshaandika jina, kabla haijaandika kilo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikahamia kwa thredi ya pili, hiyo nayo ikaandika kilo zake palepale, ya kwanza ikarudi ikaendelea ilipoishia, ikatuma. Na sio mimi peke yangu, laibrari ya lugha ya C yenyewe, yaani ghala la msimbo ulioandikwa tayari, ina fankisheni, vipande vya msimbo unavyoviita kwa jina, za zamani zenye tabia hiyohiyo, strtok, asctime, localtime, zote zinatumia sehemu moja iliyofichwa ndani, ukiziita kutoka thredi mbili kwa pamoja unaweza kuletewa majibu ya mwenzako.

Mtu ataniambia weka kufuli, yaani thredi moja ikishika sehemu hiyo nyingine isubiri. Kufuli inafaa pale kitu kikiwa cha wote kweli, kwa mfano jumla ya kilo za siku nzima, hiyo lazima wote waandike sehemu moja kwa hiyo wapange foleni. Lakini rasimu ya risiti sio ya wote! Ni ya aliyeko kwenye mizani wakati huo. Kuwapanga watu foleni kwa kitu ambacho kila mmoja angekuwa na chake ni kuwachosha bure.

Tatizo hili lilianza zamani kabla mimi sijashika kompyuta. Kwenye UNIX, mfumo endeshi wa zamani ambao Linux ya leo imeufuata, ukiomba keneli, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia kompyuta nzima, ikufungulie faili ikashindikana unarudishiwa hasi moja, na sababu inawekwa kwenye variable, sehemu ya memori yenye jina, inaitwa errno. Ikiwa 2 maana yake faili halipo, ikiwa 13 maana yake huna ruhusa. Ilikuwa variable moja kwa programu nzima na haikuwa na shida, kwa sababu programu ilikuwa na mfanyakazi mmoja. Zilipokuja thredi, huyu amepata 2, kabla hajaisoma mwenzake kapata 13 kaiandika palepale, wewe unahangaika kutafuta ruhusa za faili kumbe faili lenyewe halipo. Ndo maana kanuni za thredi za POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya UNIX, zilipopitishwa mwaka 1995 zikasema kila thredi iwe na errno yake. Mpaka leo ukiandika errno kwenye programu inaonekana kama variable ya kawaida, kumbe kwenye Linux nyuma yake kuna fankisheni inayoenda kuuliza, errno ya huyu anayeniita sasa hivi iko wapi?

Na hapo ndo swali lenyewe lilipo. Msimbo ni uleule, maagizo ni yaleyale, thredi zote zinayapitia. Inawezekanaje agizo moja liwapeleke watu wawili sehemu mbili tofauti?

Twende kwenye chanja. Akina mama mnaoanika dagaa Kibirizi mnanielewa kuliko mtu yeyote humu ndani. Tuseme kila mmoja ana nguzo yake na chanja yake imeanzia kwenye nguzo hiyo, na wote mmepanga kwa namna moja, hatua ya kwanza kutoka kwenye nguzo ni dagaa wa leo, hatua ya pili wa jana, hatua ya tatu migebuka. Sasa mimi nikisimama katikati nikasema kwa sauti, kila mtu aende hatua mbili kutoka kwenye nguzo yake, nimetoa agizo moja tu, lakini kila mama atafika kwenye dagaa wake mwenyewe. Hakuna haja ya kumtaja mtu jina, wala ya daftari la kutafuta nani ni nani. Kinachotakiwa ni kitu kimoja: kila mtu ajue nguzo yake iko wapi.

Kwenye kompyuta nguzo hiyo ni anwani inayokaa ndani ya rejista ya prosesa, yaani kisanduku kidogo cha namba kilicho ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa za ARM za biti 64, ambazo ndo ziko kwenye simu zenu nyingi, zina rejista maalum kwa kazi hiyo inaitwa TPIDR_EL0. RISC-V, aina nyingine ya prosesa, imetenga rejista ya kawaida kabisa ikaiita tp. Kwenye prosesa za Intel na AMD hadithi ni ndefu na mimi naipenda. Intel walipotoa 386 mwaka 1985 waliongeza rejista mbili za segimenti, FS na GS, enzi hizo segimenti zilikuwa njia ya kugawanya memori. Miaka ikapita, watu wakaacha kuzitumia segimenti, AMD walipopanua prosesa kwenda biti 64 na kuuza Opteron mwaka 2003 wakazifuta nguvu karibu zote, CS, DS, ES na SS mwanzo wake ukawa unahesabiwa sifuri basi. Ila FS na GS wakaziachia mwanzo wake. Leo Linux ya biti 64 inaweka nguzo ya thredi kwenye FS, na Windows ya biti 64 inaiweka kwenye GS. Yaani kitu kilichotengenezwa kwa kazi nyingine kikapata kazi mpya na kinaifanya vizuri ajabu: kusoma variable binafsi ya thredi kunaweza kuwa agizo moja tu la prosesa, baiti nane kabla ya FS, umefika.

Nimesema kabla. Kwenye Intel na AMD chanja inaenda upande wa nyuma ya nguzo, kwenye ARM na RISC-V inaenda upande wa mbele. Mpangilio huo uko wa aina mbili na aliyeuandika kwa kina ni Ulrich Drepper, ambaye pamoja na Ingo Molnar ndo walitengeneza thredi mpya za Linux zilizokuja na keneli ya 2.6 mwishoni mwa 2003. Wanaotaka kuandika mfumo wao wenyewe wasome maelezo yake taratibu, ukikosea upande utakuwa unaandika juu ya vitu vya watu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndo lilinifanya nikubali kusimama hapa. Watu wengi wanadhani keneli ndo inatunza hifadhi hii. Hapana. Keneli inatunza kwa kila thredi namba moja tu, anwani ya nguzo. Haijui chanja ina urefu gani, haijui kuna errno, haijui kitu. Kazi yote iliyobaki ni ya upande wa mtumiaji, ni ya laibrari, na ukiandika mfumo wako mwenyewe ni yako wewe.

Kazi yenyewe iko hivi. Kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, ikikuta variable uliyoitangaza kuwa ni ya kila thredi, na lugha ya C imeruhusu hilo rasmi toka 2011 ingawa kompaila ya GCC ilikuwa nalo kabla, haiipi sehemu ya kudumu kwenye memori, inaiweka kwenye kielelezo ndani ya faili la programu. Kielelezo kina sehemu mbili, zenye thamani ya kuanzia na zinazoanza na sifuri. Thredi inapozaliwa laibrari inatafuta memori ya kutosha, inanakili zile zenye thamani, inajaza sifuri zilizobaki, inasimamisha nguzo, afu inaiambia keneli thredi hii nguzo yake ni hapa. Kwenye Linux thredi mpya anwani yake inapelekwa palepale inapoombwa kuzaliwa, kwa ombi la clone. Thredi ya kwanza kabisa ya programu, kwenye Intel na AMD, inatumia ombi lingine, arch_prctl, kwa sababu yenyewe imeshazaliwa tayari.

Na kwenye nguzo ya Intel kuna jambo dogo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Neno la kwanza pale FS inapoelekea, neno hapa ni baiti nane za memori, lina anwani ya nguzo yenyewe. Kwa nini ijiandike yenyewe? Kwa sababu prosesa inakubali kusoma kupitia FS lakini kwa maagizo ya kawaida haikuambii FS inaanzia wapi, kwa hiyo ukitaka anwani kamili unasoma lile neno la kwanza linakwambia mimi niko hapa. Kuibadilisha FS nako kulikuwa ni kwa ruhusa ya keneli tu mpaka prosesa za Intel za 2012, za kizazi cha Ivy Bridge, zilipokuja na maagizo ya kuisoma na kuiandika moja kwa moja, nayo keneli lazima iwashe kibali kwanza. Linux ilikiwasha kwenye toleo la 5.9, Oktoba 2020. Miaka nane! Maana kuiruhusu programu iguse kitu ambacho keneli inakitegemea wakati wa kubadilisha thredi kunahitaji uangalifu mkubwa mno.

Nimekuwa naandika keneli yangu ndogo jioni jioni nikitoka kazini, naiendesha ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, kwenye laptopu hii hapa. Kosa la kwanza nililokutana nalo lilikuwa programu kuanguka kila ikianza, keneli inasema imejaribu kusoma anwani 0x28. Kila mara 0x28. Hiyo namba ikumbukeni. Kompaila inaweka mlinzi kwenye steki ya fankisheni, yaani memori ya muda ambayo fankisheni inafanyia kazi, namba ya siri inayochunguzwa kabla fankisheni haijarudi, na kwenye Linux ya biti 64 namba hiyo inasomwa baiti 40 kutoka kwenye nguzo. 40 ndo 0x28 kwa hesabu ya kumi na sita wanayotumia watu wa kompyuta. Nguzo yangu ilikuwa haijasimamishwa, FS ni sifuri, sifuri ukijumlisha 0x28 unapata 0x28.

Nikaipa programu nguzo ya muda ya kuanzia, afu yenyewe ikasimamisha ya kudumu. Ikaanguka kwa namna nyingine, sasa inalalamika kwamba steki imeharibiwa, nami nikaangalia steki siku mbili haina tatizo lolote. Kumbe fankisheni ileile iliyosimamisha nguzo nayo ilikuwa na mlinzi: ilipoingia imesoma namba ya siri kwenye nguzo ya zamani, katikati ikabadilisha nguzo, wakati wa kutoka ikalinganisha na namba ya nguzo mpya, haziendani. Dawa yake ni kuiambia kompaila isiweke mlinzi kwenye mafaili ya mwanzo kabisa, na laibrari kubwa za C za Linux kama glibc na musl nazo zinafanya hivyohivyo.

La tatu ndo lililonitesa. Nilitengeneza thredi mbili, kila moja inahesabu mpaka 1000 kwenye kaunta yake binafsi, afu jaribio linajumlisha. Jumla ikatoka 2000. Nikafurahi, nikaendelea na mambo mengine wiki tatu nzima, huku mfumo unafanya vituko ambavyo sielewi, faili linafunguka lakini errno inasema halipo, vitu vya namna hiyo. Siku moja nikaamua kuchapisha kaunta moja moja. Ya kwanza ilikuwa 0, ya pili 2000. Thredi zote mbili zilikuwa zinaandika kwenye chanja ya thredi ya pili! Keneli yangu iliweka FS thredi inapozaliwa tu, ilipobadilisha kutoka thredi moja kwenda nyingine iliwabadilishia rejista zote, steki, kila kitu, isipokuwa hiyo moja. Mnakumbuka treni ya kutoka Dar ikifika Tabora mabehewa yanaachanishwa, haya ya Mwanza haya ya Kigoma. Sasa fikiria kila kitu kimefanyika vizuri, injini imebadilishwa, abiria wamekaa, ila kibao cha behewa moja hakikubadilishwa. Abiria haoni kosa mpaka ashuke akute ziwa ambalo sio lake.

Nilirekebisha kwa mistari miwili, kuhifadhi na kurudisha.

Hapo mama mmoja kutoka mwaloni akanyoosha mkono, swali lake naliandika kama lilivyo kwa sababu lilikuwa zuri kuliko maswali yote. Mwanangu, hiyo chanja yangu, jirani akija kugusa dagaa wangu kuna kitu kinamzuia? Nikamwambia hapana mama, hakuna uzio. Thredi zote ziko nyumba moja, memori ni moja, ukimpa mwenzako anwani ya kitu kilicho kwenye chanja yako anaweza kukisoma na kukiandika atakavyo. Binafsi maana yake kila mtu anafikishwa kwake bila kuuliza, haina maana kwamba kumefungwa. Na hatari kubwa iko pale wewe ukiondoka: thredi ikifa chanja yake inabomolewa, kwenye glibc nguzo na chanja vimejengwa kwenye memori ileile ya steki ya thredi, kwa hiyo mwenzako aliyebaki na anwani yako mkononi anaenda kuandika sehemu ambayo labda imeshapewa mtu mwingine. Mama akasema, basi usimwonyeshe. Kwakweli ndo ushauri wangu pia.

Kuhusu kubomoa, kuna ugumu ambao ulinikalisha sana. Thredi haiwezi kubomoa steki ambayo yenyewe imesimama juu yake, ni kama mtu kukata tawi alilokalia. Kwa hiyo lazima mtu mwingine ajue kwamba imeondoka kweli. Linux imelimaliza hivi: keneli yenyewe, thredi ikishamalizika, inaandika sifuri kwenye neno moja la memori lililokubaliwa mapema na kumwamsha anayesubiri, huyo sasa ndo anachukua memori bila hofu. Na kabla ya kuondoka kama thredi ilikuwa na vitu vilivyosajiliwa kwa funguo za POSIX, njia nyingine ya kumpa kila thredi kitu chake programu ikiwa inaendelea, laibrari inaita wasafishaji wake, na inarudia mizunguko kadhaa, minne kwenye Linux, kwa sababu msafishaji mmoja anaweza kuweka kitu kipya wakati anasafisha. Funguo zenyewe zina kikomo, kanuni inataka zisipungue 128, glibc inatoa 1024, kwa hiyo usichukue moja kwa kila mnunuzi wa dagaa.

Kijana mmoja wa chuo aliuliza vipi laibrari inayopakiwa baadaye, programu ikiwa tayari inaendelea. Chanja zimeshajengwa, mgeni anakuja na mizigo yake. Hapo hatua za kudumu haziwezekani tena, kwa hiyo kila nguzo ina orodha ya pembeni, namba ya laibrari na anwani ya mizigo yake kwa thredi hii, na kuna fankisheni, __tls_get_addr, inayopitia orodha hiyo na kujenga sehemu pale inapohitajika kwa mara ya kwanza. Ni taratibu zaidi kuliko agizo moja. Kuna laibrari zinalazimisha zipewe nafasi kwenye chanja kuu hata zikichelewa kuja, glibc inaacha nafasi kidogo ya ziada kwa ajili hiyo, ikijaa utaona kosa kwamba nafasi ya chanja kuu imekwisha na laibrari inakataa kupakiwa.

Ile programu ya mwaloni niliirekebisha, rasimu ya risiti sasa ni ya kila thredi, jumla ya siku inabaki na kufuli. Yule mama nilimtafuta nikamrudishia tofauti ya hela yake.

Sasa umeme upo na sijui utakaa mpaka saa ngapi. Kwenye laptopu hii nina programu ya mistari kama arobaini, inatengeneza thredi mbili, kila moja inachapisha anwani ya nguzo yake na anwani ya variable moja yenye jina lilelile. Mtaona nguzo mbili tofauti, anwani mbili tofauti, na mkitoa moja kwa nyingine umbali ni uleule. Sogeeni mbele, mama naomba uje wewe kwanza, bonyeza hapa.